Kutu Niliyoitabiri, Kutu Niliyoipata

Kagarama, Kigali. Jumamosi, kabla giza halijaingia.

Mvua iliyotukimbiza mchana imekatika. Hewa imeoshwa, vilima vya ng'ambo vinaonekana karibu kuliko kawaida, na mimi nina hasira iliyotulia, ile ambayo mtu anaweza kukaa nayo mezani wakanywa chai pamoja.

Hasira ya namna hii naipenda. Haina haraka, na inajua inakokwenda.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mhandisi wa metali, nimehitimu si zamani, na kazi yangu ni kuchunguza jinsi metali zinavyoliwa na kutu. Nilikulia Mwanza kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyojifunzia kusoma, na pia kwa sababu kazini kwangu hakuna mtu mwenye subira ya kusoma Kiswahili cha aya ndefu. Majina ya watu nimeyabadili. Mambo yenyewe nimeyaacha kama yalivyo.

Karakana yetu iko Kicukiro, na kazi yake ni kuchapa vipuri vya metali. Najua neno hilo huwashangaza watu, maana wengi wamezoea kwamba kinachochapwa ni karatasi. Mashine hutandaza unga wa chuma uliosagwa laini kuliko unga wa mahindi. Mwale wa leza unauyeyusha pale tu panapotakiwa. Kisha tabaka jingine linatandazwa juu yake, na jingine, mpaka kipuri kizima kinazaliwa ndani ya unga, nawe unakifukua kama kiazi.

Ni kazi ya ajabu, na mkuu wake ni Injinia Faustin.

Sehemu yangu huanza pale chuma kinapokutana na dunia. Stenlesi, kile chuma ambacho kila fundi hukuambia hakishiki kutu, hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi ya kromi usioonekana kwa macho. Utando ukiwa mzima, maji na dawa hupita bila madhara. Lakini chuma kilichochapwa kina tabia zake. Leza ikikimbizwa kupita kiasi, baadhi ya chembe za unga haziyeyuki sawasawa, na vitundu vidogo hubaki ndani. Kitundu kikifunguka usoni, dawa yenye klorini huingia, hukaa, hukolea, kisha hula chuma kuelekea ndani huku juu pakionekana pazuri. Hilo ndilo nililoliandikia tasnifu yangu. Hilo ndilo nililosimama kulieleza katika hoteli moja ya Kiyovu, mbele ya wageni waliokuja kuona mradi wetu.

Sikumaliza kulieleza.

Nilikuwa nimefika kwenye picha ya pili. Faustin alisimama kutoka kiti cha mbele, akawageukia wageni, akatabasamu. "Mumsamehe dada yetu," alisema kwa Kiingereza, "yeye huona kutu hata kwenye ndoto. Hii ni stenlesi, ndugu zangu. Mama yangu ana sufuria ya stenlesi tangu mimi niko shule ya msingi, na mpaka leo inapika maharage." Wageni wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kirafiki, na hicho ndicho kibaya zaidi, kwa sababu hakijibiki. Kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayenisaidia: "Devota, chukua kipaza sauti uwazungushie wageni. Wana maswali."

Nikazunguka. Nilipita kati ya viti nikiwa na viatu nilivyovinunua kwa ajili ya siku hiyo, nikiwashikia watu kipaza sauti waulize maswali kuhusu kutu, na Faustin akiyajibu.

Tangu siku hiyo karakana nzima huniita Miss Ingese, yaani Bi Kutu. Wanatamka kwa upendo. Hata mlinzi wa getini hulitumia jina hilo anapotaka kunisifia kwa kuwahi kazini.

Niliapa moyoni kwamba Faustin atailipia siku ile. Sikujua kwa njia gani. Nilijua tu kwamba itakuwa kwa njia ya kitaaluma, imeandikwa vizuri, na ina vielelezo.

Kisha zikaja valvu.

Ushirika mmoja wa wafugaji una tangi la kupozea maziwa, zee lakini zima, ambalo valvu zake hazitengenezwi tena popote. Faustin alizichapa mpya. Alizikabidhi kwa sherehe, picha zikapigwa, mwenyekiti wa ushirika akainua valvu moja juu kama kikombe cha mpira. Wiki chache za kuoshwa kwa dawa ya klorini zilitosha. Valvu zikatokwa na madoa ya kahawia, maziwa yakakataliwa na mnunuzi, na valvu zikarudishwa kwetu ndani ya mfuko wa unga wa ugali.

Mkurugenzi wetu, mama aliyelelewa Kampala na asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini kwake. Alisema anataka kujua chanzo ifikapo Jumatatu. Alisema pia, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Ulituonya kuhusu hivi vitundu, si ndiyo? Kama ulikuwa sahihi, maabara ya majaribio itahitaji mkuu wake. Haitakuwa tena chini ya Faustin."

Nilitoka mle ndani nikitembea juu ya mawingu. Nilikuwa nimeambiwa nichimbe kaburi la adui yangu, na kwamba nikimaliza nitapewa ofisi juu yake.

Wiki nzima nimekata valvu vipande, nikavisugua mpaka viwe kama kioo, nikavitazama kwa hadubini. Nilikuwa natafuta vitundu. Nilivitafuta kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Havikuwepo.

Niseme ukweli wa kitaalamu: vilikuwepo vichache, kama vinavyokuwepo kwenye kila chuma kilichochapwa, lakini vidogo, vya mviringo, vimekaa mbali na uso na havina hatia. Nilikata valvu nyingine. Hali ile ile. Chuma cha Faustin kilikuwa kimeshikana vizuri kuliko sampuli nilizosomea chuo. Nilichukua kipande ambacho uso wake nilikuwa nimeukwangua, nikakitumbukiza kwenye dawa ile ile ya klorini, nikakiacha. Asubuhi yake kilikuwa kinang'aa kama kinanicheka. Kipande kingine cha valvu hiyo hiyo, chenye uso wake wa awali, kilikuwa kimetoka madoa ya kahawia.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye ngozi. Nyama ilikuwa nzima. Lakini ngozi ilikuwa imefanywa nini?

Jana jioni nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge. Nilikuwa na adui, nilikuwa na kutu, na nilikuwa nimekosa uzi wa kuviunganisha.

Leo asubuhi ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, na mtaa wetu ulipewa mfereji wa maji ya mvua. Nilishika koleo. Kando yangu alikuwa jirani yangu Saidi, mwenye karakana ya mageti hapa Kagarama. Kazi yake kubwa ni kupiga mchanga: hufyatua mchanga kwa hewa yenye nguvu kwenye geti la zamani mpaka rangi na kutu vitoke vyote, kisha hulipaka rangi upya. Ni mtu mchangamfu. Tangu tuhamie hapa hajawahi kunipita bila neno.

"Dada Devota, uso iko hivyo kwa nini? Iko mutu amekufa?"

"Kuna valvu za maziwa zimeshika kutu kazini, kaka Saidi. Natafuta sababu."

"Valvu za nani? Zile za boss yako?" Alisimamisha jembe lake. "Haiwezekani, sha. Ile vitu ni mimi nilipiga muchanga. Ilikuja iko na rangi ya moshi, ikatoka inawaka kama sahani ya harusi. Boss yako mwenyewe alisema, Saidi, hata Ulaya hawawezi hivi."

"Saidi, piga muchanga na kichwa yako," mtu mmoja nyuma yetu akasema. "Labda nywele itaota tena."

Mfereji mzima ukacheka. Saidi alicheka kuliko wote, akipapasa upara wake kwa mkono wenye tope. Mimi koleo lilikuwa limeganda mikononi mwangu.

"Ulitumia mchanga gani, kaka Saidi?"

"Muchanga ni muchanga. Ule wa mageti. Iko mwingine?"

"Devota," mkuu wa mtaa akaniita kutoka juu ya ukingo, "huo mfereji hautazibuka kwa kutazamwa."

Nikainama, nikachota tope. Sikumbuki nilichota mara ngapi. Nilikuwa mbali kabisa.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, nieleze. Saidi hatupi mchanga wake. Akishamaliza geti moja huuzoa sakafuni, huuchekecha, huutumia kwa geti jingine. Haoni ubaya, na kwa mageti hakuna ubaya. Lakini mchanga huo umejaa vumbi la chuma cha kawaida kutoka kwenye mageti yote ya Kicukiro. Ukiufyatua kwa nguvu kwenye stenlesi, vumbi hilo linapigiliwa ndani ya ngozi yake kama misumari isiyoonekana. Stenlesi inang'aa kweli, na ndani ya mng'aro huo imebeba chuma cha watu wengine. Maji yakija, vumbi linashika kutu, na pale linaposhika kutu utando wa kinga haujengeki tena. Klorini inamalizia kazi.

Na rangi ya moshi? Hiyo inatokana na tanuri. Kipuri kikishachapwa hupashwa moto ili kitulie, kikitoka kinakuwa na rangi ya hudhurungi. Kwetu, kipuri chenye rangi hiyo huletwa kwenye meza yangu, nami hukiogesha kwa asidi mpaka rangi itoke na utando mpya ujijenge. Ndiyo taratibu. Inachukua muda kidogo, na inamlazimu mwenye kipuri kuja kwangu na kusema tafadhali.

Faustin hakutaka kuja kwangu kusema tafadhali.

Mkutano wa baada ya umuganda sikuusikiliza. Nilinawa miguu, nikachukua pikipiki mpaka Kicukiro, nikafungua maabara. Nilikuwa na valvu moja ambayo sikuwa nimeikata. Nikaandaa maji ya mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, nikatia tindikali kidogo, nikadondosha matone juu ya uso wa valvu. Jaribio hili ni la zamani na lina uungwana wake: stenlesi safi haifanyi lolote, lakini palipo na chuma cha kawaida, shaba hutoka majini na kuketi juu yake, nyekundu.

Nilisubiri. Nje mvua ilianza kupiga bati.

Uso wa valvu ukaanza kuota madoa mekundu. Moja hapa, mengine pale, kisha mengi, kama surua kwenye shavu la mtoto.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti, na sioni aibu kuliandika hilo hapa. Mtu aliyewaambia wageni kwamba stenlesi haishiki kutu ndiye aliyeishikisha kutu kwa mkono wake, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba aliamini haishiki. Hata ningekaa mwaka mzima nikimtungia adhabu, nisingetunga hii.

Kisha nikaacha kucheka. Kwa sababu vitundu vyangu, tasnifu yangu, onyo langu ambalo Mkurugenzi alilikumbuka, havikuhusika hata kidogo. Katika jambo hili kulikuwa na watu wawili waliokosea, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Faustin aliingia bila kubisha. Buti zake zilikuwa na tope la umuganda wa mtaa wake, na shati lilikuwa limeloa mabegani. Nilielewa mara moja: Saidi alikuwa amempigia simu, bila shaka kwa nia njema, kumwambia kwamba binti wa ofisini kwake anaulizia mchanga. Faustin alitazama valvu yenye madoa mekundu. Hakuuliza ni kitu gani. Alivuta kiti, akakaa.

Mikutanoni huongea Kiingereza, na akiwa na mafundi huongea Kinyarwanda. Kiswahili chake cha Bukavu, alikosomea, hukitoa anapotaka kitu.

"Miye najua ile ni nini," alisema. "Usinifundishe."

"Sijasema neno, Injinia."

"Njo maana naogopa."

Alijipangusa uso kwa kitambaa, akakikunja vizuri, akakirudisha mfukoni.

"Andika vitundu, Devota. Ulisema vitundu, na watu wote wanakumbuka ulisema vitundu. Iko vitundu mule ndani, ao hapana?"

"Vimo vichache. Kila chuma kilichochapwa kinavyo."

"Basi si uongo. Ni kuchagua tu kitu gani utaandika kwanza."

"Na valvu?"

"Tunatupa, tunachapa zingine. Unga ulitoka ngambo, lawama itaenda ngambo, na kule hawatusikie. Hakuna mutu anaumia." Alisogeza kiti karibu. "Na siku ya Lundi, hiyo Jumatatu ya ripoti, miye nasimama mbele ya Madamu na mbele ya watu wa maziwa. Nasema: mudogo wangu alikuwa na haki, alisema kweli, miye nilikosa. Nasema kwa kinywa yangu. Nakuomba samahani mbele yao wote. Maabara ni yako. Unataka nini tena?"

Swali lake lilikuwa zuri.

Hakukuwa na kingine nilichowahi kukitaka. Nimeuota msamaha huo njiani kwenda kazini, nimeuota nikipiga pasi, nimeuota kanisani badala ya kusali. Katika ndoto zangu Faustin husimama mbele ya watu, anasema alikosa, na mimi nakaa kwenye kiti, miguu imepangwa vizuri, natikisa kichwa kidogo tu. Sasa alikuwa ameniletea ndoto hiyo mpaka mezani, nzima, na cheo juu yake. Ilichohitaji ni mimi kuandika kwanza kile nilichopaswa kuandika mwisho.

Nilimtazama. Nikajiuliza kwa nini anaitaka sana aibu hiyo.

Nikaelewa.

Kuanguka kwa sababu ya vitundu ni kuanguka kwa heshima. Teknolojia ni mpya, unga ni wa kigeni, hata mabingwa hupata vitundu. Mtu anaweza kuisimulia hadithi hiyo kwenye mikutano, akiwa na tai, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Lakini kuanguka kwa sababu ulibeba valvu za maziwa ukazipeleka kwenye mchanga wa mageti, ili ziwake kwenye picha, ili usije kumwomba msichana mmoja akuogeshee vipuri? Hiyo haina tai. Hiyo itachekwa Kicukiro mpaka yeye astaafu.

Alikuwa ananipa aibu ndogo ili nimfichie kubwa.

"Injinia," nilisema, "nitaandika kwamba nilikosea."

Uso wake ulilegea. Alidhani sijaelewa. "Hapana, hapana. Wewe ulikuwa na haki, njo nakuambia. Miye njo nilikosa."

"Nilikosea kuhusu vitundu. Uchapaji wako hauna dosari, na nitaliandika hilo katika aya ya kwanza, kwa jina lako. Aya ya pili itaeleza kutu ilitoka wapi."

Mvua ilikuwa inapungua. Aliitazama valvu tena, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane alinitazama kama mtu wa rika lake.

"Utapoteza maabara. Madamu anataka uwe na haki. Ukiandika ulikosa, na miye nilichapa muzuri, maabara anaiacha kwangu."

"Inawezekana."

"Na utaniweka uchi."

"Ndiyo, Injinia."

"Kwa sababu ya kicheko ya siku moja."

Kumbe alikuwa anakumbuka. Muda wote huu nilidhani amesahau, kwamba kwake lilikuwa jambo dogo lililopita kama mafua, na nilikuwa nimeanza kumsamehe kidogo kwa sababu ya usahaulifu huo. Alikuwa anakumbuka, na kila asubuhi aliniita Miss Ingese huku akikumbuka.

"Wewe ni mubaya, Devota," alisema akisimama.

"Mimi nina bidii, Injinia."

Alitoka. Buti zake ziliacha tope kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, nami nilipiga deki mwenyewe, polepole, nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye deki.

Sasa niwe mkweli, kwa kuwa ndiyo maana nafungua ukurasa huu badala ya kupumzika.

Sikukataa kwa sababu mimi ni mwadilifu. Ningetamani kuandika hivyo, na Jumatatu watu huenda wakasema hivyo, nami sitawakatiza. Wataona binti aliyekubali kosa lake hadharani, aliyemsifu mpinzani wake pale alipostahili. Wafugaji nao watapata nafuu ya kweli: valvu zao hazitatupwa, zitakwanguliwa ngozi ile mbaya, zitaogeshwa kwa asidi kwenye meza yangu, na tangi lao litafanya kazi tena upesi kuliko kusubiri nyingine. Yote hayo ni mema. Lakini nilipokuwa namtazama Faustin akisubiri jibu langu, sikufikiri juu ya maziwa ya mtu yeyote. Nilipima ni ripoti ipi itamuuma zaidi, nikaona kwamba ni ile ya kweli.

Nasema ukweli kwa sababu mbaya. Sijui kama kuna jina la dhambi hiyo.

Na ukweli wenyewe haukuja bure. Nimekaa na sentensi moja kwa muda mrefu kuliko ripoti nzima: "Dhana ya awali ya mwandishi kuhusu vitundu haikuthibitishwa na uchunguzi huu." Niliiandika, nikaifuta. Nikaiandika tena kwa maneno laini, nikaona inanuka woga, nikairudisha kama ilivyokuwa. Mwandishi ni mimi. Tasnifu ni yangu. Wazazi wangu waliiwekea fremu ukurasa wake wa kwanza na kuutundika sebuleni, juu ya redio.

Aya ya pili iliandikika yenyewe. Niliipamba. Nilitumia neno "mageti" zaidi ya ilivyohitajika kisayansi. Jina la Saidi sikulitaja, kwa sababu yeye alifanya kazi aliyoombwa na kuifanya vizuri. Nilitaja tu kwamba vipuri "vilipelekwa nje ya taratibu za karakana kwa uamuzi wa mkuu wa uchapaji, kwa ajili ya mwonekano." Maneno hayo ya mwisho, kwa ajili ya mwonekano, niliyasoma kwa sauti. Yana muziki.

Nimeshaituma. Sikutaka kuiacha mpaka Jumatatu, maana najifahamu: kesho ningeweza kumwonea huruma, au kuitamani ile samahani yake.

Mkurugenzi amejibu haraka kuliko nilivyotarajia. Ujumbe wake una mstari mmoja: "Kwa hiyo Faustin alichapa vizuri?"

Nimeutazama mstari huo mpaka chai ikapoa. Katika ripoti nzima, hilo ndilo aliloliona kwanza. Inawezekana Faustin alimsoma vyema kuliko mimi. Inawezekana Jumatatu atacheka kidogo kuhusu mageti, amkanye kidogo, kisha amwachie maabara, kwa kuwa mashine ndiyo inayowavutia wageni, na aliyeiendesha vizuri ni yeye. Basi nitakuwa nimetupa kila nilichokitamani ili nimwone mtu mmoja akiona haya kwa muda wa mkutano mmoja.

Nimemjibu: "Ndiyo, Madamu. Alichapa vizuri sana."

Vidole vyangu havikupenda kuandika hivyo. Lakini nimejiuliza mara ya pili na ya tatu kama ningeweza kurudi mchana, pale mezani, nikachukua alichonipa. Jibu limekuwa lile lile. Samahani yake ingekuwa ya kuazima. Aibu yake ni mali yangu.

Kesho ni Jumapili. Faustin na mimi tunasali parokia moja, yeye na mke wake upande wa kulia, mimi na mama upande wa kushoto. Padri atafika mahali atuambie tutakiane amani, na watu watageukiana. Miezi yote hii, wakati huo ukifika, mimi hujishughulisha na mkoba wangu.

Kesho nitavuka ile njia ya katikati. Nitampa mkono mke wake kwanza, kama adabu inavyotaka, kisha nitampa yeye, na sitauachia upesi.

Amani iwe nawe, Injinia.